Upweke wa uzeeni unavyoua, na wazee waliopata ndugu mtandaoni

Daktari akikuuliza unaishi na nani, usidhani anapiga soga wakati majibu ya damu yanasubiriwa. Swali hilo ni sehemu ya uchunguzi, kama kupimwa presha. Mgonjwa wa kisukari anayekula peke yake, anayelala peke yake na asiye na wa kumkumbusha dawa ana safari ngumu kuliko mwenzake mwenye dozi ileile lakini nyumba yake ina watu.

Juni 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti inayosema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Miaka miwili kabla ya hapo, Dk Vivek Murthy, aliyekuwa Daktari Mkuu wa Marekani, alikuwa ametoa tahadhari kwa wananchi wake kuhusu jambo hilohilo. Kwa mujibu wa tahadhari hiyo, mtu aliyekatika na wenzake ana hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa moyo kwa asilimia 29 na kiharusi kwa asilimia 32. Kwa wazee, upweke wa muda mrefu huongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau kwa takriban asilimia 50. Alifananisha madhara yake na kuvuta sigara hadi 15 kwa siku.

Nataka wiki hii tuwatazame watu ambao upweke huo umewakaa vibaya kuliko wengi, na jinsi walivyojitafutia dawa. Ni wanaume wapenzi wa jinsia moja wa Marekani na Uingereza, waliofikisha miaka 60, 70, hata 80. Najua kuna msomaji atakayetaka kufungua kurasa za michezo akifika hapa. Namwomba avumilie. Mshipa wa moyo ukiziba hauulizi mwenyewe alimpenda nani, na yaliyowapata wazee hawa yana funzo kwa yeyote anayezeeka bila watoto karibu, au mwenye jambo ambalo hajawahi kumwambia daktari wake.

Neno moja kabla ya kuendelea. Pwani, mwanamke humwita rafiki yake wa kike "shoga", na hakuna anayeshtuka. Mitaani neno hilohilo likielekezwa kwa mwanaume limekuwa tusi. Katika safu hii nitasema wanaume wapenzi wa jinsia moja, au wazee hawa, tuelewane bila kutukanana.

Kizazi kilichobaki na viti vitupu

Mwanaume mwenye miaka 75 leo nchini Uingereza alikuwa mtoto wakati mapenzi ya wanaume wawili yalikuwa kosa la jinai. Sheria ililegezwa mwaka 1967 kwa England na Wales, tena kwa waliofikisha miaka 21 na faraghani tu. Scotland ilisubiri hadi 1980. Marekani ilikuwa kila jimbo na lake: Illinois iliifuta sheria hiyo mwaka 1962, lakini majimbo mengine yaliendelea nayo hadi Mahakama ya Juu ilipoitupilia mbali mwaka 2003. Hospitali nazo hazikuwa kimbilio. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliwahesabu watu hawa kuwa wagonjwa hadi mwaka 1973, na WHO iliwaondoa kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990.

Mtu aliyelelewa hivyo hujifunza mapema kufunga mdomo. Anaficha kazini, anaficha kanisani, anaficha kwa daktari. Wengine walioa na kupata watoto. Wengine walifukuzwa nyumbani, wakahamia New York, San Francisco au London, wakajitengenezea ukoo wa marafiki: huyu kama kaka, yule kama mjomba, na mmoja mwenye kujua kupika ndiye aliyeitisha watu wote siku ya Krismasi.

Kisha ukaja Ukimwi. Taarifa ya kwanza ya kitabibu ilitoka Marekani tarehe 5 Juni 1981, ikieleza nimonia isiyo ya kawaida kwa vijana watano wa Los Angeles. Dawa za mseto zilizobadilisha hali zilianza kutumika mwaka 1996. Katikati hapo ilipita miaka 15 ya mazishi. Kufikia mwisho wa 1995, zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamekufa kwa Ukimwi nchini Marekani pekee, na wanaume wapenzi wa jinsia moja walikuwa sehemu kubwa sana ya hesabu hiyo. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1981 na akapona leo ana zaidi ya 70. Wale ambao angezeeka nao, wa kucheza naye karata na kumpeleka kliniki, hawapo. Sisi Waafrika Mashariki tuliozika vijiji vizima vya wazazi miaka ileile hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili, ingawa kwetu waliobaki walikuwa bibi na wajukuu, na kwao aliyebaki mara nyingi alikuwa mtu mmoja na picha ukutani.

Mzee mfupi wa Tennessee

Mwaka 2020, Covid-19 ilipofunga milango, mwigizaji Leslie Jordan alirudi kwao Tennessee kuwa karibu na mama yake. Alikuwa na miaka 64, kimo chake hakikufika futi tano, na alikuwa ameigiza kwenye televisheni kwa miongo kadhaa bila kuwa nyota mkubwa, ingawa mwaka 2006 alishinda tuzo ya Emmy kwa tamthilia ya Will & Grace. Baba yake, mwanajeshi, alikufa kwa ajali ya ndege Leslie akiwa na miaka 11. Alilelewa katika kanisa la Kibaptisti, na alikuwa akisimulia hadharani jinsi pombe ilivyomtesa na jinsi alivyoiacha.

Kwa kukosa la kufanya, akawa anajirekodi kwa simu na kuweka video Instagram. Hakukuwa na ufundi wowote. Alilalamika kwamba siku haziishi, akasimulia visa vya mama yake, akaimba nyimbo za injili, akajaribu mazoezi ya viungo na kushindwa. Miezi michache baadaye alikuwa na wafuasi zaidi ya milioni tano. Waliomwandikia hawakuwa wanaume wapenzi wa jinsia moja peke yao. Kulikuwa na kina mama wa nyumbani, wauguzi waliotoka zamu, na watu waliofungiwa peke yao ambao kila asubuhi walitaka kujua mzee yule ameamkaje.

Alifariki Oktoba 2022 jijini Los Angeles, gari lake lilipogonga jengo. Alikuwa na miaka 67. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba moyo ndio uliosimama ghafla, kutokana na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Nalitaja kwa sababu hili ni gazeti na hii ni safu ya afya: mtu anaweza kuchekesha mamilioni huku mishipa yake ikiziba kimyakimya. Mwanaume aliyepita miaka 50 anapaswa kujua presha yake, sukari yake na lehemu yake, hata akiwa hana mahali panapouma.

Wakati huohuo, huko Cathedral City, mji wa jangwani California, wazee wanne marafiki wanaojiita The Old Gays walianza kucheza dansi mbele ya simu na kuweka TikTok. Nao wakapata mamilioni ya wafuasi, wengi wao vijana wa umri wa wajukuu. Ukitazama video zao utacheka, maana mzee wa miaka zaidi ya 70 akivaa bukta inayometa na kukosea hatua lazima ucheke. Ila kijana anayewapenda anaona jambo jingine pia. Kijana mwenye miaka 20 ambaye hajawahi kumwona mtu wa aina yake akiwa na mvi huwa haamini kwamba uzee upo kwa ajili yake. Alichosikia ni kwamba watu hao hufa mapema, kwa maradhi au kwa mikono yao. Sasa anaona wanne, wenye makunyanzi na vitambi, wanabishana nani apike.

Soga za usiku

Hao ni maarufu. Wengi wa wazee hawa hawana wafuasi hata mia. Wana kundi sogozi dogo, au kurasa ambazo wenye umri wao hukutana na wanaume, wengine vijana kiasi, wanaovutiwa na watu wazima. Ndiyo, mvuto upo. Kuna wanaume wanaopenda mvi, ndevu nyeupe na sauti ya mtu aliyeona mengi, kama walivyo wanawake wengi tu tunaowajua. Mwanasosholojia Tony Silva aliwahoji wanaume wa rika zote mbili na mwaka 2023 akachapisha kitabu kuhusu mahusiano haya kati ya watu wazima. Anapinga wazo jepesi kwamba siku zote mzee ananunua na kijana anauza.

Kinachonivutia mimi, kwa macho ya afya, ni yale yanayozungumzwa baada ya salamu na mizaha. Mtu anauliza kama kuamka mara tano usiku kwenda haja ndogo ni kawaida, anaambiwa na wenzake kwamba hapana, hiyo ni tezi dume, nenda ukapime. Mwingine amefiwa na mwenzake wa miaka 30 na huko kazini hakuna anayejua kwamba amefiwa. Hawezi kuomba ruhusa ya msiba, hawezi hata kulia. Analia pale. Ukurasa wa Instagram uitwao The AIDS Memorial, ulioanza mwaka 2016, umejaa simulizi za namna hii: watu wanaweka picha ya rafiki, kaka au mchumba aliyekufa miaka ya 1980 au 1990, wanaeleza alikuwa mtu wa namna gani, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanaandika chini kwamba wamesoma na wamemjua. Sisi tuna matanga. Watu wanakaa, wanalala chini, wanamsema marehemu hadi jina lake linatulia. Wengi wa hawa walizika bila matanga, wengine walizuiwa hata mlangoni mwa kanisa.

Je, hiyo inatibu? Inasaidia, kwa masharti. Tahadhari ile ya Dk Murthy ilionya kwamba simu inaweza kuunganisha watu na inaweza pia kuchukua nafasi ya watu. Kukodolea macho maisha ya wengine kwa saa nne bila kuandika neno humwacha mtu mpweke kuliko alivyoanza. Kuzungumza na watu walewale, wanaokujua kwa jina na wanaogundua kwamba jana hukuonekana, ni jambo jingine kabisa. Na mazungumzo yakizaa kikombe cha kahawa cha ana kwa ana, au hata simu ya sauti kila Jumapili, faida huongezeka. Shirika la SAGE, lililoanzishwa New York mwaka 1978 kuhudumia wazee wa kundi hili, lilijua hivyo kabla intaneti haijafika majumbani: tangu miaka yake ya mwanzo lilituma watu wa kujitolea kuwatembelea wazee makwao.

Wasichomwambia daktari

Hapa ndipo pana hatari, na pananihusu zaidi kama mwandishi wa safu hii.

Mzee aliyezoea kuficha huendelea kuficha hata akiwa amevua shati mbele ya daktari. Daktari naye, akiona mvi, hudhani mambo ya kitandani yalishakwisha, hivyo haulizi. Matokeo yake mtu anapata ushauri wa dawa kutoka kwa rafiki wa mtandaoni, tena rafiki mwenye nia njema.

Chukua dawa ya nguvu za kiume, sildenafili, inayojulikana zaidi kwa jina la Viagra. Kwa watu wengi wenye afya ni salama ikiandikwa na daktari. Lakini mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua, zile za kuweka chini ya ulimi, akimeza sildenafili presha yake inaweza kuporomoka hadi akazimia au kufa. Vichupa vya kunusa vinavyouzwa kwenye baadhi ya klabu za Ulaya na Marekani vina kemikali ya jamii hiyohiyo, na hatari ni ileile. Kuna na jingine ambalo wengi hawalijui: baadhi ya dawa za VVU, hasa zenye ritonaviri au kobisistati ndani yake, huzuia mwili kuitoa sildenafili. Kidonge kimoja kinafanya kazi kama vingi. Daktari anaweza kupunguza dozi na mambo yakaenda sawa, ila lazima ajue unatumia nini. Hili, msomaji, halihusu wanaume wa California tu. Dawa hizo za nguvu zinauzwa kwenye maduka ya dawa ya mitaa yetu bila swali hata moja, na wanunuzi wengi ni wanaume wa ndoa wenye presha.

Kuhusu VVU kwenyewe, zaidi ya nusu ya wanaoishi na virusi nchini Marekani sasa wana miaka 50 au zaidi. Ni habari njema, maana wangekuwa wamekufa. Ila kuishi muda mrefu na virusi, hata vikiwa vimefubazwa, kunauchosha moyo mapema. Mwaka 2023 matokeo ya utafiti uitwao REPRIEVE yalichapishwa: watu 7,769 wanaoishi na VVU, wenye miaka 40 hadi 75, katika nchi 12, walipewa ama dawa ya kushusha lehemu iitwayo pitavastatini ama kidonge kisicho na dawa. Waliopata dawa walipungukiwa na matukio makubwa ya moyo kama shambulio na kiharusi kwa asilimia 35. Kama unatumia ARV na umevuka 40, muulize mtoa huduma wako kuhusu lehemu na moyo. Usingoje akuulize yeye.

Soga za mtandaoni pia zimesambaza ukweli mmoja kwa kasi kuliko kliniki nyingi. Mtu anayetumia ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia jozi 782 za wanaume wapenzi, mmoja akiwa na virusi vilivyofubazwa na mwingine hana. Walikutana kimwili bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Aliyeambukizwa na mwenzi wake hakupatikana hata mmoja. Kwa mzee aliyekaa miaka 30 akijiona sumu, taarifa hiyo ni kama kufunguliwa pingu. Lakini kaswende na kisonono hazizuiliwi na ARV, na hapo kondomu na vipimo vya mara kwa mara vina kazi yake.

Tapeli naye anajua kubembeleza

Penye mpweke tapeli hakosekani. Tume ya Biashara ya Marekani, inayolinda walaji, iliandikisha mwaka 2022 karibu malalamiko 70,000 ya utapeli wa mapenzi, na hasara iliyotajwa ilifika dola bilioni 1.3. Hayo ni ya watu wa kila aina. Ila mwaka mmoja kabla, tume hiyo ilikuwa imeonya mahususi kuhusu programu za wapenzi wa jinsia moja: tapeli anajifanya mchumba, anatuma picha za uchi, anaomba za kwako, kisha anataka pesa la sivyo atazipeleka kwa mkeo, kwa mwajiri, kwa watoto. Kwa mtu aliyeficha maisha yake yote, kitisho hicho kinaua. Si neno la kutia chumvi. Watu hujinyonga kwa aibu ya namna hiyo, wake kwa waume.

Dalili zake ni zilezile kila mahali. Mapenzi yanakuja haraka mno. Kamera ya simu kila siku ni mbovu. Baada ya wiki tatu anatokea mama mgonjwa, au mzigo umekwama forodhani. Ukikuta mzazi wako au jirani ametapeliwa, usianze na kicheko wala usimnyang'anye simu. Ukimnyang'anya umemkatia na wale marafiki watano wa kweli. Mwambie asitume pesa tena, asifute mazungumzo kwa kuwa ni ushahidi, na mwende pamoja kutoa taarifa. Anayetishiwa kwa picha asilipe: akilipa leo, kesho ataambiwa bei imepanda.

Kwa mzazi

Mzazi anayesoma hapa huenda anajiuliza yeye anahusikaje. Anahusika kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ulinzi. Kila nililoeleza ni la watu wazima. Mtoto wa miaka 14 au 15, wa kike au wa kiume, anayechati usiku na mtu mzima asiyemjua yuko hatarini, na anayemwomba siri au picha ni mhalifu. Hilo halina mjadala.

Ya pili ni ngumu zaidi kuisema. Vijana wengi wanaowaandikia wazee hawa huko Marekani hawatafuti mchumba. Wanatafuta mtu wa kumwita baba, kwa sababu wa nyumbani aliwafukuza. Mwaka 2009 watafiti wa California wakiongozwa na Caitlin Ryan walichapisha matokeo kuhusu vijana wa aina hii. Waliokataliwa vikali na familia zao walikuwa wamejaribu kujiua mara 8.4 zaidi ya wale ambao familia zao hazikuwakataa, au ziliwakataa kidogo tu. Mzazi ana imani yake na msimamo wake, na sikuandika haya kumbadilisha dini. Naandika kama mtu wa afya: kati ya "sikubaliani nawe" na "toka, usirudi, wewe si mwanangu" kuna umbali mkubwa, na umbali huo ndio unaopimwa kwenye takwimu ile.

Kurudi kujificha

Hofu kubwa ya wazee hawa si kifo. Ni makao ya wazee. Mtu aliyejiweka wazi kwa miaka 40 anaingia nyumba ya kulelewa akiwa na miaka 82, anaogeshwa na mtu asiyemjua, anakaa mezani na wazee waliokuwa wakimzomea shuleni. Anaanza tena kuficha picha za marehemu mwenzake kwenye droo. Ndiyo maana kumejengwa makazi maalumu: Stonewall House huko Brooklyn, New York, yenye nyumba 145, yalifunguliwa mwishoni mwa 2019, na Tonic ya London ikapokea wapangaji wake wa kwanza kando ya mto Thames mwaka 2021. Ni machache mno kwa wanaoyahitaji.

Na hapa habari hii inafika kwetu moja kwa moja. Baadhi ya wauguzi na walezi kwenye makao ya wazee ya Uingereza na Marekani wametoka Afrika Mashariki. Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ya kupeleka wahudumu wa afya. Huenda ni binti yako, au mdogo wako. Mzee atamtazama, atasikia lafudhi, atadhani anajua anachofikiri, atanyamaza. Akinyamaza hatasema kwamba kifua kinambana, kwa kuwa atalazimika kueleza ametumia dawa gani jana usiku. Wenye uzoefu wa kazi hiyo huanza na swali dogo lisilo na mtego: "Nani muhimu kwako? Tukimhitaji mtu, tumpigie nani?" Hawaulizi mke yuko wapi.

Swali hilo lina uzito wa kisheria pia. Tangu Januari 2011, hospitali za Marekani zinazopokea fedha za bima ya serikali zinapaswa kumruhusu mgonjwa achague mwenyewe nani amtembelee, awe ndugu wa damu au la. Lakini ni salama zaidi jina likiwepo kwenye fomu. Hapo ndipo urafiki wa mtandaoni hukwama mara nyingi: watu wamezungumza kila usiku kwa miaka sita na wanajuana kwa majina ya bandia. Mmoja akinyamaza siku tatu, wenzake wanaandika, wanauliza, wanasubiri, na hakuna anayejua ni mlango gani wa kubisha. Ushauri unaotolewa kwa wazee wanaoishi peke yao ni huu: chagua wawili katika kundi, watu uliowahi kuongea nao kwa sauti na kuwaona uso. Wape jina lako kamili, anwani, na namba ya jirani mmoja. Waambie dawa unazotumia. Kisha kliniki, pale kwenye mstari wa mtu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura, usiandike "hakuna".